Mwalimu Gregory Jilala (1944–1988), Aliyeilinda Mikono ya Watoto

Baba Padri, wazee wa Usanda, walimu mliotoka Chato na Nyarugusu, ndugu na majirani. Mimi ni Maige, kaka wa marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu kati yetu tuliobaki ni mimi peke yangu niliyemwona akitambaa. Shule yangu iliishia darasa la nne, ng'ombe wakanirudisha nyumbani, kwa hiyo mtanivumilia nikipita njia ndefu. Tarehe zote amezihakikisha binti yake Zipora, na hizo msiwe na shaka nazo.

Marehemu Gregory alizaliwa hapa hapa Usanda, Shinyanga, tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa tano wa Mzee Jilala Mageni na mama yetu Philomena. Mtama ulikuwa unatoa masuke. Mama alipenda kusema ndiyo maana ndege hawakumwacha mtoto huyu akae kitako. Alipoweza kusimama imara alipandishwa ulingoni na kombeo, kuamia ndege kama sisi sote. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nikirusha jiwe linaangukia shamba la jirani, ugomvi unaanza. Gregory aliliweka jiwe pale alipolitaka. Ikafika mahali baba akawa hahangaiki na shamba lile, anasema, "Yupo Gregory." Hata kwelea kwelea, nadhani, walikuwa wanaambiana hivyo hivyo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1954, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1961. Huko walimpa mkuki wa michezo. Mara ya kwanza alipourusha, walimu walitembea kuufuata huku wanacheka, maana ulikuwa umevuka uwanja na kuingia kwenye mihogo ya Mapadri. Kuanzia siku hiyo shule nzima ilisimama juu ya mkono wake wa kulia. Na nyumbani vilevile tulisimama juu ya mkono huo huo. Alfajiri alikuwa ulingoni, anarusha mawe mpaka jua lipande. Jioni alikuwa uwanjani, anarusha mkuki mpaka jua lizame. Siku za Jumamosi mwalimu wa michezo alimwambia apumzike, akaja nyumbani kupumzika, na sisi tukamkabidhi kombeo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shule ilihesabu mikuki, nyumbani tulihesabu ndege, na mkono haukuwa na mtu wa kuuhesabia.

Mwezi Juni 1961, kwenye mashindano ya shule pale Shinyanga mjini, kiwiko chake kilitoa sauti kama ukuni mkavu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka ng'ombe mnadani. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akisema kinauma, na kila mtu alimjibu kwamba kitapona Jumapili, baada ya mashindano. Mkono ule haukunyooka tena mpaka tumemvisha sanda. Wengi wenu mlimfahamu hivyo, mkono umekunjika kama wa mtu aliyebeba kikapu.

Alisomea ualimu upande wa Mwanza mwaka 1962 na 1963, na Januari 1964 akaanza kazi katika shule moja ya Kambarage, Shinyanga mjini. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, mwandiko mzuri tu. Walipomuuliza anataka somo gani la nyongeza, akachagua michezo. Mwalimu mwenzake alimtazama kile kiwiko, akamwambia, "Wewe tena?" Akajibu, "Nani mwingine?"

Ndipo alipoanza jambo lake la misumari. Mikuki ya shule ilikuwa miti myepesi waliyoichonga wenyewe. Gregory alipigilia misumari ukutani, juu, ili kila mtoto akitaka kurudisha mkuki autundike kwa mkono ule ule anaourushia, umenyooka hadi mwisho, bila kujisaidia na mwingine. Kila mtoto alikuwa na misumari yake kwa urefu wake. Aliyetundika vizuri aliambiwa aje kesho. Aliyekunja uso, au aliyeinamia ubavuni, au aliyebadilisha mkono, aliambiwa neno moja: "Pumzika." Watoto walilichukia neno hilo kuliko kiboko. Walijaribu ujanja wote. Walipanda juu ya tofali. Waliruka. Mmoja alimbeba mwenzake mgongoni, akasema walikuwa wanatafuta mjusi. Marehemu alicheka nao, halafu akasema, "Sawa. Pumzikeni wote wawili, na mjusi."

Alikuwa akituambia kwamba mdomo wa mtoto hausemi kweli kuhusu mkono, hasa mtoto anayeshangiliwa. Kiwiko ndicho kinachosema. Kikianza kushuka chini ya bega wakati wa kurusha, mkono umechoka, na uchovu ukizidi unageuka jeraha. Tena wakati wa kuamia mtama hakumrushisha mkuki mtoto yeyote aliyekuwa na zamu ya ulingo. Aliwakimbiza tu, akawafundisha kupokezana vijiti.

Sasa nije kwenye ndoa, maana shemeji ananiangalia. Marehemu alifunga ndoa na Melania tarehe 16 Septemba 1967. Tulipokwenda kuposa, mjomba wa binti aliutazama mkono wa Gregory muda mrefu, akauliza kama huo utashika jembe. Sisi wazee tukaanza kujikohoza. Melania, ambaye hakutakiwa kusema lolote, akasema kutoka mlangoni, "Mjomba, mimi siolewi na mkono." Posa ikaisha hapo, tukaanza kula. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mama Zipora, miaka ishirini na moja umekuwa ukimsogezea sahani karibu bila kuambiwa. Tuliona. Wabeja, asante sana.

Januari 1974 alihamishiwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko alipata mtoto ambaye alituambia hakuwahi kuona mkono kama wake isipokuwa, alisema, kwenye kioo, zamani. Aliitwa Mwahija, binti wa Mzee Akida, mtu wa Tabora aliyekuwa na fungu katika duara moja, yaani shimo la wachimbaji. Mwaka 1976 Mwahija alikuwa darasa la saba. Mashindano ya wilaya yalikuwa Geita, na aliyeshinda angechukuliwa kwenda kambi ya mkoa, Mwanza, na huko watoto walikuwa wanaonekana, wanapata shule. Kwa binti wa machimbo hapakuwa na mlango mwingine. Marehemu alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na alilitaka kama mtoto mwenyewe alivyolitaka.

Mwezi mmoja kabla, Mwahija akashindwa kuufikisha mkuki kwenye misumari. Akaambiwa apumzike. Akapumzika wiki nzima, na aliporudi mkono ulikuwa mbaya zaidi. Marehemu hakuelewa. Akampa tena wiki, ukazidi. Basi asubuhi moja, akipita kwenda shule, akasikia chuma kinagonga chuma nyuma ya nyumba ya Mzee Akida. Akazunguka. Akamkuta Mwahija na kinu cha chuma, anatwanga mawe ya dhahabu, kiwiko kiko chini ya bega. Alikuwa akitwanga kila siku kabla ya shule, na kwa kuwa hakuwa tena na mkuki jioni, alikuwa akitwanga na jioni pia.

Kosa lililomvunja yeye, nusu kombeo na nusu mkuki, lilikuwa limemfuata mpaka Nyarugusu.

Mzee Akida hakuwa mtu mbaya, na yupo hapa leo, nimemwomba ruhusa. Alimkaribisha mwalimu kiti. Akamwambia, "Mwalimu, mkono wa binti yangu wewe unautaka kwa mkuki, mimi nautaka kwa mchi. Tugawane."

Marehemu akasema, "Baba Mwahija, mkono ni mmoja. Ukigawanywa unakuwa hivi." Akamwonyesha wa kwake.

"Na mawe atatwanga nani?"

Marehemu akavua koti la shule, akaketi, akashika mchi kwa mkono wa kushoto.

Akawa anakwenda kila jioni kutwanga yote yaliyokuwa ya binti. Machimbo yote yalicheka. Wanaume waliokuwa wakitoka kwenye mashimo walisimama wakimwuliza, "Mwalimu, na mkeo nyumbani anatwangiwa na nani?" Melania alipoulizwa hivyo hivyo kisimani akawajibu kwamba kwake mtama unajitwanga wenyewe, wasihangaike.

Siku ya kwenda Geita lori lilikuja limepambwa majani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, mwalimu mkuu alikuwepo, wachimbaji walikuwa wamechangia jezi. Mwahija alikuwa amekwisha panda. Marehemu akamshusha kwa upole, akampeleka darasani, akampa mkuki. Binti akajitahidi, machozi yakamtoka, mkono ukaishia kwenye sikio. Mwishoni akautundika kwa mkono wa kushoto, akasimama pale anamtazama.

"Pumzika, mwanangu," marehemu akasema.

Mwalimu mkuu alimwambia mbele ya watu wote kwamba mashindano ni Jumamosi, na Jumapili mtoto angepona. Marehemu akajibu bila kupandisha sauti, "Na mimi niliambiwa Jumapili, mwalimu mkuu. Mpaka leo naingoja."

Lori liliondoka bila Mwahija. Shule haikupata kitu. Mwaka uliofuata marehemu aliondolewa kwenye michezo, akahamishiwa Chato, na hakupewa tena watoto wa kurusha. Hilo alilibeba. Alilolibeba kwa shida ni kwamba Mwahija hakumwamkia tena. Mtoto ambaye shikamoo yake ilisikika toka mbali alikuwa akimwona anazunguka nyuma ya nyumba. Hata hivyo marehemu aliendelea kutwanga mawe pale kwao mpaka shule zilipofungwa, binti yuko ndani, mlango umerudishwa.

Miaka ya Chato alikuja kwangu mara nyingi, tunakaa na michembe yetu ya viazi vikavu, na mazungumzo yakitulia angesema, "Kaka, labda mkono ungehimili siku ile moja. Labda nilimfungia mlango bure." Habari za binti zilipotea, Mzee Akida alikuwa amehamia machimbo mengine. Nilimwambia habari za ng'ombe.

Oktoba 1987 marehemu alipata kiharusi. Kilichukua upande wa kushoto, yaani mkono aliouandikia na kuutwangia, akabaki na ule uliopinda. Aliutazama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Leo kilema ndiye mzima wa nyumba." Melania alimwuguza Chato hadi Julai mwaka huu, hali ilipobadilika wakamleta hospitali ya Geita.

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda siku ya pili. Akaingia muuguzi na chupa ya maji ya kumtundikia. Mahali pa kuitundikia palikuwa msumari mmoja ukutani, juu sana, na yule wa zamu iliyopita alikuwa ametumia kiti. Huyu hakuvuta kiti. Aliinua mkono wa kulia, ukanyooka wote, bega, kiwiko, kiganja, akaitundika taratibu. Kisha hakuushusha. Aliuacha pale juu, akamgeukia mgonjwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Mdogo wangu aliutazama ule mkono. Machozi yalimtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linamtii. Akasema, maneno yanaburutika, "Mwahija. Marahaba. Umenyooka."

"Umenyooka, mwalimu. Hauniumi hata wakati wa baridi."

Alimwambia mengine nisiyoyasikia vizuri, maana nami nilikuwa natafuta leso. Niliyoyasikia ni kwamba alikasirika miaka miwili. Kisha siku moja, akiwa kwenye mafunzo ya uuguzi ya hospitali ya misheni, aliletewa mvulana mchimbaji ambaye kiwiko chake kilikuwa kimekauka kimekunjika, akakishika, akakumbuka mkono mwingine. Tangu hapo alikuwa akiwauliza watu wa Nyarugusu mwalimu alipelekwa wapi. Wengine walimwambia Biharamulo, wengine walimwambia amekufa.

Tangu siku ile marehemu hakuniuliza tena habari ya mlango. Aliishi siku chache, anakula vizuri, Mwahija akimsogezea sahani kama Melania alivyomwonyesha. Alifariki tarehe 9 Agosti 1988, kabla ya adhuhuri, mkewe ameushika mkono uliopinda. Aliomba alale hapa Usanda, karibu na mama, karibu na mtama.

Marehemu ameacha mjane, Melania. Watoto wanne, Zipora, Mageni, Philomena na Jilala. Mjukuu mmoja, anayeitwa Maige, na ambaye tangu asubuhi anarusha vijiti, mama yake amwangalie. Kaka mmoja, ndiye huyu anayesoma. Na watu wazima wengi wa Kambarage na Nyarugusu ambao leo wakiinua mkono wanafika.

Nimalizie na ombi la familia. Ardhi ya Agosti ni ngumu, na vijana wetu mnajulikana, akishika koleo mtu haliachii, anaogopa kuitwa legelege mbele ya wasichana. Leo si hivyo. Mwenzako akikunyooshea mkono, mpe koleo. Pokezaneni mpaka mwisho, asiwepo hata mmoja wa kurudi nyumbani na bega linauma kwa ajili ya Gregory. Konzi ya kwanza ya udongo ataweka mkewe, ya pili watoto, ya tatu tumempa Mwahija, kwa mkono wa kulia.

Wengi aliwaambia lile neno lake moja nao wakamchukia kwa siku mbili tatu. Leo namwambia yeye, na hakuna wa kukasirika. Pumzika kwa amani, mdogo wangu.