Majibu ya Mwenzangu Ubaoni

Asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hivyo, hamjambo nyote. Salamu zangu leo ni hizo tu. Kwetu Likoni, mtu akisalimu watu kwa mkato namna hii, mama yangu angemuuliza, "Una nini mwanangu, wafukuzwa?" Lakini nina sababu ya kuzifupisha, na mtaijua.

Ndugu zangu, leo ndiyo mara ya kwanza tunaonana kwa macho. Tumeandikiana barua pepe miaka miwili kuhusu programu zetu za kompyuta zinazokataa, kila mmoja anamjua mwenziwe kwa anwani tu, na leo tumo ukumbi mmoja hapa Mjambere tukigawana mahamri. Mmeniomba niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitamtaja mtu kwa jina. Ninayemsema zaidi yumo humu ndani, na akiona nimedanganya pahali, nampa ruhusa anikatize.

Mimi ni mtu wa kijicho. Sisemi nilikuwa. Dakika kumi zilizopita amesimama yeye, mkampigia makofi mpaka kiti changu kikatetemeka, nami hapa nikawa nayahesabu. Wallahi nimeyahesabu. Basi mnajua mnazungumza na nani.

Nilikuwa mwanafunzi wa kwanza katika chuo kimoja kidogo cha kompyuta huko Changamwe, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Kompyuta sita, moja mbovu. Nilikuja nikiwa tayari najua kupiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama, kwa hivyo wenzangu waliniona fundi. Wakaniita Madamu, nami nikaitika. Mkuu wa chuo akatangaza kuwa kila mwanafunzi ataandika programu moja ya kusaidia watu, na atakayefanya vizuri zaidi atabaki pale kuwa mwalimu. Mimi nilishajiona nimeshika chaki.

Kisha akaja huyu mwenzangu. Alitoka bara, akikaa kwa kaka yake Mishomoroni. Alipiga taipu kwa kidole kimoja, na Kiswahili chake, lo, kilikuwa kikienda kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Siku ya kwanza nilimpenda sana. Nilimpenda kwa sababu hakujua kitu.

Muhula wa pili, mkuu wa chuo akakiunganisha chuo na kundi hili. Chuo hakikuwa na laini ya simu, kwa hivyo tuliandika maswali yetu kwenye disketi, naye Jumanne na Ijumaa akiipeleka kwenye afisi moja ya mjini inayotuma barua pepe. Akirudi na majibu huyachapisha kwenye karatasi, kisha huyabandika kwenye ubao kando ya mlango, jina la aliyeuliza juu, majibu chini. Kila aingiaye anaona, na kila atokaye anaona tena.

Swali langu la kwanza nililiandika kama nilivyofunzwa kuandika barua kwa wakubwa. Nikauliza hali zenu, na hali za watoto, na hali ya hewa huko mliko. Nikasema mimi ni mzima wa afya, alhamdulillah. Salamu zikaenda nusu ukurasa. Mwisho nikamalizia: "Programu yangu imekataa. Naomba mnisaidie haraka." Basi. Sikusema programu gani, wala imekataaje.

Ijumaa nikawahi ubaoni kabla ya wote. Jibu lilikuwa moja, mstari mmoja: "Dada, tumeshukuru kwa salamu. Imekataaje? Tuonyeshe ulichoandika."

Nilikasirika! Nionyeshe? Ndugu zangu, nyumba zetu mnazijua. Mgeni hukaribishwa barazani, akaletewa maji, akaletewa kahawa. Hapelekwi jikoni akatazame sufuria zisizooshwa. Na mimi programu yangu ilikuwa ndiyo jiko hilo, mistari imepandiana, mingine nimeiandika bila kujua maana yake. Watu wanaoniita Madamu waione, ibandikwe kando ya mlango? Nikakataa. Nikaandika tena, salamu zikaongezeka, programu sikuituma. Mara hii hakujibu mtu.

Mwenzangu naye akauliza. Aliandika hivi, nakumbuka maana nililisoma mara nyingi kuliko yeye: "Mimi ni mwanafunzi. Nilitaka hii programu isome majina kumi. Imesoma tisa ikasimama. Nimejaribu hivi na hivi. Hii hapa yote." Akaibwaga programu nzima, na makosa yake yote yanameta juani.

Akapata majibu saba.

Saba! Karatasi ziliteremka ubaoni mpaka zikafunika swichi ya taa, na mkuu wa chuo akaziacha hapo, ati tujifunze. Wiki iliyofuata akauliza tena, akajibiwa tena. Mchana nikila nazitazama. Kuna leso imeandikwa "Hasidi hana sababu," na mama yangu anayo. Mimi nilikuwa na sababu, zimebandikwa kwa gundi.

Na mradi wake ulikuwa mzuri, hilo ndilo lililonikereketa zaidi. Programu yangu ilikuwa ya kupanga vitabu vya maktaba ya shule moja kwetu Likoni. Yake ilikuwa ya zahanati moja Mishomoroni. Alinakili kadi za chanjo za watoto, jina na tarehe, ili kila Jumatatu muuguzi aone ni mtoto gani zamu yake imefika, amtumie mama ujumbe. Wiki tatu alikaa akiandika majina yale kwa kidole chake kimoja.

Siku moja akauliza kwenye kundi kwa nini jina la mwisho linajitokeza mara mbili. Kosa dogo. Mimi sikujua jibu lake, lakini kuna kitu kimoja nilikijua. Nyinyi mnaoandika programu kwa lugha ya Pascal mnaelewa, na kwa wageni nitasema: kuna amri mbili za kufungua faili. Moja hulifungua ili ulisome. Ya pili hulifungua ili uandike upya, na ikilifungua tu, yaliyokuwamo yote yamekwenda.

Nikaenda mjini mwenyewe, nikajifungulia anwani ya pembeni, nikajiita Mzoefu. Nikaandika jibu fupi, bila salamu hata moja. Nilimwambia abadilishe amri ya kwanza aweke ya pili, jina halitajirudia tena.

Na kweli halikujirudia. Majina yote yalikwenda. Chuo kilikuwa kimempa kila mtu disketi moja tu, nakala hakuwa nayo.

Nilimtazama alipofungua faili lake. Hakupiga kelele. Alilifunga, akalifungua tena. Halafu akaandika kwa kundi: "Nilifuata mawaidha, sasa faili ni tupu. Simlaumu aliyeniambia, labda ni mimi sikuelewa. Kuna njia ya kurudisha?" Njia haikuwepo. Kisha akaja pale nilipokaa, wallahi, akaniambia, "Dada, wewe unapiga taipu haraka. Si unisaidie niandike tena hiyo majina? Mimi nitasoma kadi."

Ningekataaje? Nikaenda. Tukakaa chumba cha nyuma cha zahanati, yeye akisoma, mimi nikiandika kwenye kompyuta waliyoazimwa. Nilijiambia nalipa deni kimyakimya, hakuna haja ya mtu kujua, na yeye atachelewa, na kazi itakuwa yangu. Mnaniona nilivyo? Mkono unasaidia, moyo unapiga hesabu ya chaki.

Siku ya tatu akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa na hasira. Akasema, "Mlinambia mtanipasha habari siku ikifika. Siku imepita wiki nzima. Nimengoja, kimya. Huyu akipata maradhi nimshike nani?" Muuguzi akamchukua mtoto kumdunga, na alhamdulillah mtoto alikuwa hana neno, amechelewa tu. Lakini mama yule hakuondoka. Alisimama mlangoni akingoja jibu.

Mwenzangu akainuka. Akasema, "Pole mama. Ni makosa yangu. Niliharibu majina."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa pale na vidole kumi juu ya meza. Nilimsikia akilibeba kosa langu, kwa Kiswahili kile kile nilichokicheka, na mama yule akamsema, akamsema hasa, naye akakubali kila neno. Mama alipoondoka, mwenzangu akaketi, akachukua kadi, akanisomea jina. Sikuweza kuliandika. Nikamwambia, "Mzoefu ni mimi."

Aliipanga ile kadi na nyingine, kingo zikalingana. Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Kwa ajili ya ubao." Hakuelewa, ikabidi nimweleze yote, zile karatasi, yale majibu saba, Madamu. Akasema, "Mimi nilikuwa nakuogopa wewe, dada. Nilikuwa nauliza huko kwa kundi kwa sababu niliogopa kukuuliza wewe."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Usiniambie mimi peke yangu. Hii mimi sijui dawa yake. Uliza kundi." Kisha akasoma jina lililofuata, nami nikaandika. Hakusema nami tena siku ile isipokuwa majina.

Basi nikauliza kundi. Nilikaa na disketi siku mbili nisijue nianzeje, mwisho nikaiga mtindo wake. "Nilitaka niwe mwalimu. Mwenzangu alikuwa akijibiwa, mimi sijibiwi. Nilijiita Mzoefu, nikampa amri ya kufuta, nikijua inafuta. Nilitarajia achelewe. Kilichotokea ni kuwa mtoto amekosa chanjo kwa wiki nzima, na mwenzangu amesemwa kwa kosa langu. Sasa nifanyeje?" Na nikaweka jina langu kamili.

Majibu niliyoyatamani nikayapata! Ubao haukutosha. Mmoja wenu aliniita nyoka, na yumo humu, nami namwambia hakukosea sana. Msimamizi wa kundi akaifunga anwani yangu miezi sita, niwe nasoma tu, nisiandike. Mkuu wa chuo alizibandika karatasi zote, kisha akaniita afisini akanambia kazi ya ualimu ni ya mwenzangu. Nilishaijua. Nilikwenda nyumbani na feri nikilia na leso usoni, na nilimwonea wivu hata siku ile, Mungu anisamehe.

Lakini barua moja ilitoka kwa mzee mmoja wa kundi. Alinikaripia ukurasa mzima, na chini kabisa akaandika: "Na ile programu yako ya vitabu, bado imekataa? Tuonyeshe sasa." Anwani yangu ilikuwa imefungwa. Aliyenitumia programu ile, kwa disketi yake, kwa jina lake, alikuwa mwenzangu. Jibu likaja Ijumaa: nukta mkato moja, nimeiweka mahali isipotakiwa. Niifute. Nikaifuta, vitabu vikajipanga. Miezi minne ya kijicho kwa nukta mkato moja.

Namshukuru mzee yule. Nawashukuru mlionijibu, pamoja na aliyeniita nyoka. Namshukuru muuguzi aliyeniruhusu kurudi kila Jumatatu kumwandikia majina, mpaka leo naenda. Na mwenzangu, ambaye sasa ni mwalimu wangu, naketi dawati la mbele ananifundisha, sijui nimshukuru vipi. Bado sijasikia akisema amenisamehe. Amesema nilete nakala ya kila disketi, basi naleta.

Kuuliza si ujinga, twaambiwa tangu tukiwa wadogo. Kwa wanaoanza, mlioketi nyuma mkiogopa, nawaongezea langu: ukiuliza, fungua mlango wa jiko. Mtu hawezi kukuoshea sufuria uliyoificha.

Msinipigie makofi, nitayahesabu. Nina programu mpya, imekataa tangu Jumanne. Nilitaka ipange majina kwa alifu na be, yenyewe inayapanga kinyume, na nimejaribu mara tatu. Nimeichapisha yote, kurasa nne hizi hapa, hazijaoshwa. Mwalimu, naomba uanze wewe.