Mzee Stephen Mwongera na Kisu cha Kalicha

Marehemu Mzee Stephen Mwongera alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 huko Muthara, Meru, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Kiogora na Mama Kinanu. Alisoma huko Muthara hadi kidato cha nne, kisha akasomea afya ya mifugo na kuhitimu mwaka 1979.

Mwaka uliofuata serikali ilimtuma Kinna, ambako wafugaji walimwita Daktari. Huko alikutana na Kalicha, kijana wa Kiborana aliyemsaidia kushika ng'ombe wakati wa chanjo. Hawakuachana tena.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Makena hapa Isiolo. Ndugu zake walichinja mafahali wenyewe, bila kufikiria kwamba wageni Waislamu kutoka Kinna hawangeweza kula nyama hiyo. Wageni hao walikunywa chai, wakawapongeza maharusi, wakarudi na njaa. Kalicha alimtania hadi uzeeni: "Daktari, ulitualika harusi ukatufungisha Ramadhani." Tangu siku hiyo, kila sherehe ya boma hili Kalicha ndiye aliyechinja, na wote wakala.

Jamaa walizoea kusema Kalicha ni mtu mzuri, si kama wenzake. Mzee aliwauliza, "Wenzake gani? Mmekaa na wangapi?" Ilikuwa rahisi kumpenda mmoja na kuendelea kuwachukia wengine.

Mwaka 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo. Kalicha alikuja kutoka Kinna mara nyingi kuliko baadhi yetu tunaoishi karibu. Wiki yake ya mwisho, Mzee aliwaambia waliokuwa kando ya kitanda, "Siku yangu, Kalicha ashike kisu." Alifariki tarehe 3 Septemba 2025.

Kamati ya mazishi iliamua vinginevyo. Kwa sababu ya mapigano ya malisho kati yetu na Waborana mwezi Julai, ambayo Kalicha hakuhusika nayo, ilisemwa kwamba kisu cha watu hao hakitaingia hapa. Hakuna aliyepinga. Mbuzi wa leo wamechinjwa na sisi wenyewe.

Mzee ameacha mjane wake Makena, watoto wake Kathure na Muthomi, wajukuu watatu, na ndugu yake Mutwiri, mwenyekiti wa kamati. Amemwacha pia Kalicha, ambaye ameketi safu ya mwisho na atakunywa chai.

Mungu ampumzishe Mzee kwa amani, na huko aliko aruhusiwe kuwalisha wageni wake.