Alifu Iliyotetemeka

Ndugu zangu, mwenyekiti amenipa dakika kumi na ameshavua saa yake akaiweka mezani, kwa hiyo nianze na lile gumu. Kwa miaka kumi na saba, mimi ambaye kadi yangu ilisema "Mtaalamu wa Hati za Kiarabu", sikuwa nimewahi kushika kalamu ya tete. Mkitaka kujua mwandiko wangu ulivyokuwa, wazieni siafu waliomwagiwa maji moto. Na nilikana kwamba sijui kuandika. Nilimkania mume wangu, nikawakania wateja, na mara moja nilikana jukwaani chuoni Njoro, tena kwa kipaza sauti.

Nilichojua ni kompyuta. Natengeneza fonti, yaani zile herufi zinazotokea ukibonyeza kitufe. Kadi nyingi za harusi mlizoalikiwa hapa Nakuru zimepitia kwangu.

Aliyekuwa na mkono hasa ni marehemu baba. Aliandika naskhi, ile hati ya misahafu, kwa kalamu za tete alizochonga mwenyewe, na barua za Kiswahili akaziandika kwa herufi hizo hizo. Aliacha sanduku zima la karatasi. Nikajiambia, nitaufufua mkono wa baba! Nikazipiga picha, nikachagua alifu hapa, wau pale, nikazifuatisha kwenye skrini, fonti ikazaliwa. Mwalimu wa madrasa akaitumia kuchapisha kitabu cha kuwafundisha watoto kuandika. Siku ya uzinduzi nilihutubia. Nilihutubia sana. Waliokuwepo wamenisamehe.

Baada ya wiki sita mwalimu akaniita, akapanga madaftari mezani.

"Mama," akasema kwa upole, "hawa watoto ni wagonjwa?"

"Kwani vipi?"

"Hebu tazama alifu zao. Wote wanatetemeka."

Nikatazama. Kila alifu, mstari ulionyooka kuliko herufi zote, ilikuwa na mawimbi madogo katikati. Alifu yangu niliitoa kwenye karatasi za mwaka wa mwisho wa baba, mkono wake ulipokuwa hautulii tena. Mimi niliyaona yale mawimbi nikadhani ni madoido! Nikayasafisha, nikayang'arisha, nikayagawia watoto wa watu. Nao, maskini, wakayanakili kwa bidii. Mtu aliyewahi kushika tete hata siku moja angejua.

Kitabu kikaondolewa. Mwalimu akaniambia, "Tutakichapisha tena siku shangazi yako wa Naivasha atakapozikubali herufi. Si wewe, mama. Yeye."

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Walifundishwa na babu kwenye mkeka mmoja, na sasa mkono ule umebaki kwake tu. Akifa, umekwisha. Watu bado humwendea awaandikie kombe, ile aya ya zafarani kwenye sahani nyeupe, inayooshwa kwa maji ya waridi mgonjwa akanywa. Nikampelekea karatasi zenye fonti yangu. Akazitazama kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

"Nisahihishe, shangazi."

"Mimi nasahihisha mkono. Hapa hapana mkono. Hii ni maiti mmeivalisha suti."

Nikalia. Akaniacha nilie, akaenda kugeuza viazi vyake jikoni. Aliporudi alikuwa na kisu, tete la kando ya ziwa, sahani nyeupe na kikombe cha maji ya manjano, kwa kuwa zafarani, alisema, haipotezwi kwa wanafunzi.

"Andika alifu."

Nikaandika. Akamwaga maji, ikaoshwa. Nyingine. Akaosha. Ikawa hivyo kila Jumamosi, mimi mama mzima mwenye digrii mbili, vidole vya njano kama mpika pilau. Siku moja nikatoa alifu iliyosimama kweli kweli. Akaimwagia maji.

"Shangazi! Hiyo ilikuwa nzuri!"

"Ndiyo maana nimeiosha. Ungeipiga picha."

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Kisichobaki kwenye sahani lazima kibaki mkononi. Nikajifunza kwamba alifu hupimwa kwa nukta za kalamu ile ile iliyoiandika, si kwa rula yangu ya kompyuta. Nikajifunza pia kuwa herufi hujipinda kumpisha jirani. Be iliyo peke yake hukaa inavyotaka. Ikikaa na mimu hujikunja, kama nyinyi mbele ya mama mkwe. Msicheke, nawajua.

Nikaifuta fonti yote. Nikaandika upya kwa tete, herufi moja kwa sura nyingi, ndipo nikarudi kwenye skrini. Mwaka ukapita na zaidi. Mwisho nikachapisha barua ya ukurasa mmoja, Kiswahili kwa herufi za babu, nikimuuliza shangazi hali ya magoti. Nikampa jirani aliyekuwa anakwenda Naivasha.

Kabla sijafika mwisho, niwashukuru. Namshukuru mwalimu, ambaye hakunitaja kwa wazazi. Nawashukuru nyinyi mliopita nyumba kwa nyumba kukusanya vile vitabu, mkisema eti vimekosewa kiwandani, Mungu awasamehe. Namshukuru mume wangu, aliyekula kwenye sahani za njano bila kuuliza. Na kama nina neno la kuwaachia, ni hili: usione haya kuanza alifu ukiwa na mvi. Mimi niliona haya miaka kumi na saba, na waliotetemeka ni watoto.

Sasa, shangazi hapigi simu. Husema simu ni ya misiba. Kwa hiyo Alhamisi simu ilipolia na nikaona ni yeye, nilikaa chini kwanza.

"We mtoto," akasema, bila salamu. "Hii wau ya mstari wa tatu umeishibisha mno. Ina tumbo la bwana harusi."

Nikauliza, "Shangazi... unanisahihisha?"

"Sasa unalia nini? Nimesema wau. Hizo nyingine nimezisema?"