Mama Atija na Maboga ya Pundanhar

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwahudumia wakulima wa Palma, bibi shamba wetu Mama Atija Buanali anastaafu. Pikipiki yake imesharudi ofisini, na matope ya njia ya kijiji cha Pundanhar bado yameganda kwenye magurudumu.

Wengi watamkumbuka kwa mafunzo yake. Mimi nitamkumbuka kwa kosa moja. Watu waliporudi Pundanhar kutoka ukimbizini, majani ya maboga ya Felismina, mjane mwenye watoto wanne, yalishikwa na ukungu mweupe. Dawa ya dukani hakuimudu, na maboga yale ndiyo yaliyokuwa chakula chao hadi mahindi yakomae. Mama Atija akachanganya majivu na sabuni, akanyunyiza. Sabuni ilizidi. Baada ya siku mbili, nusu ya shamba ilikuwa imeungua.

Wengine tungelisingizia jua. Yeye alisimama mkutanoni akasema kosa ni lake, kisha akapeleka mahindi kutoka nyumbani kwake. Kuteleza si kuanguka, lakini aliumia sana.

Alirudi na wazo jingine: maziwa kidogo kwenye maji mengi. Felismina akamkazia macho: "Mama, mwana analilia maziwa, we wayamwagia maboga?" Kesho yake Mama Atija akaanza kuzungukia vibanda vya chai mjini, akiomba maji yaliyosuuziwa sufuria za maziwa, ambayo yangemwagwa tu. Tulimtania kwamba sasa anatafuta kazi ya kuosha vyombo. Alicheka, akafunga dumu lake kwenye pikipiki, akaondoka.

Safari hii alimwachia Felismina mwenyewe achague mistari ya kunyunyizia na ya kuacha, aone tofauti kwa macho yake. Majani yaliyokwisha kuwa meupe hayakupona, wakayakata. Machanga yalibaki ya kijani, na watoto walikula maboga mpaka mahindi yakakomaa.

Mwezi uliopita Mama Atija alikwenda kuaga. Alimkuta Felismina akiwafundisha majirani. Bila kusita, Felismina akamwambia kwamba kipimo chake cha maziwa ni chepesi mno wakati wa mvua, na kwamba ni heri kunyunyiza asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mama Atija akaketi chini pamoja na majirani, akafungua daftari, akaandika.

Ahsante kwa yote, Mama Atija. Tunakuombea afya, wajukuu wasikivu, na mvua ya wakati wake katika bustani yako.

Milton, kwa niaba ya wenzako wote