Majani ya Manjano ya Mwalimu Mbuyu

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, Mama Micheline alikuwa uani kwake hapa Kolwezi, anachekecha unga wa bukari, ugali wetu wa jioni, mikono myeupe hadi viwiko, pale pikipiki iliposimama mlangoni, na mwenye kuiendesha, rafiki wa mkwe wake, akabaki juu yake bila kuzima mota. Mama akajua kwamba huyo hakuja kusalimia. Akaweka chekeche juu ya beseni, akalifunika kwa kitambaa ili inzi wasiingie, ndipo akauliza ni nani aliyepatwa na ajali. Jibu lilikuwa Mbuyu, binti yake wa kwanza.

Tata na mama mliokusanyika hapa leo Jumamosi, historia hii imeandikwa na mama mzazi wa marehemu, na mjomba wake, Tata Kisimba, anaisoma kama ilivyoandikwa, bila kupunguza, kwa sababu tangu Jumanne kuna neno linalotembea mtaani, na mama hataki mtoto wake azikwe nalo. Wanasema Mwalimu Mbuyu alipatwa na ajali shimoni, akitafuta mawe ya kijani. Sikilizeni kwanza maisha yake.

Marehemu Mbuyu Ngoyi alizaliwa Kasaji tarehe 9 Juni 1994, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Tata Ngoyi, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na Mama Micheline. Huko Kasaji bibi yake mzaa mama alikuwa anapaka kuta za nyumba yake kila mwisho wa kiangazi, kwa udongo mweupe wa mtoni, mwekundu wa kichuguu na masizi ya chungu, na Mbuyu, ambaye hata kusimama alikuwa hajajua vizuri, aliacha viganja vyake chini ya ukuta, bibi akakataa visifutwe. Mama yake aliona uchafu tu, wala hakujua kwamba kazi imekwisha kuanza.

Mwaka 2002 gari-moshi lilikuwa limekuwa la kubahatisha, mshahara vilevile, basi familia ikahamia Kolwezi, na Tata Ngoyi akaenda kuchimba madini kama wanaume wengine. Tarehe 3 Agosti 2006 shimo lilimfunga yeye na wenzake. Baada ya matanga, Mama Micheline aliwakalisha watoto wake wanne mbele ya sufuria, kabla ya kuifunua, akawaambia: “Mu batoto bangu, hakuna mwenye ataingia mu shimo. Ata kwa kuchungulia.” Tangu jioni ile sufuria ya nyumba hiyo haifunuliwi kabla mama hajauliza, “Muko bote?” na watoto hawajajibu, “Tuko bote.” Wengine wamekwisha kuoa na kuolewa, lakini jioni wakiwa kwao wanajibu hivyohivyo.

Marehemu alisoma shule ya msingi Kasaji na Kolwezi, akafuata ualimu katika sekondari, akapata diploma ya Serikali mwaka 2013, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo akaanza kufundisha watoto wa mwaka wa tatu katika shule ya mtaa wetu. Darasa lake lilikuwa na kuta za saruji tupu, za kijivu kama siku ya mvua. Rangi ya dukani haikuwapo, naye akakumbuka ukuta wa Kasaji.

Alikuwa anaokota udongo uliokwisha kutolewa na wengine au na Mungu mwenyewe, wa kichuguu, wa mtaro, wa ukingo wa barabara, wa kisima kilichochimbwa karibuni, anauanika, anautwanga, anaukoroga katika maji mengi, anasubiri mchanga ushuke, kisha anamimina yale maji yenye rangi katika beseni lingine, anayaacha yatulie hadi yabaki matope laini kama siagi. Hayo aliyachanganya na uji wa unga wa muhogo ili yashike ukutani. Alipotaka wekundu mkali zaidi alikaanga udongo wa manjano katika sufuria kuukuu, na jirani yetu Mama Rachida alikuwa anapita anachungulia juu ya ua, akimwita kwa jina la mtoto wake: “Mama Mamie, leo munakula mawe?” Naye anajibu, “Kuya na sahani yako, Mama Rachida, chumvi iko.”

Tarehe 20 Desemba 2014 alifunga ndoa kanisani na Tata Stany Mukendi, mwendesha pikipiki ya abiria, wakajaliwa watoto wawili, Mamie, aliyezaliwa mwaka 2015, na Dodo, aliyezaliwa mwaka 2018. Stany alizoea kusimamisha pikipiki kila alipopigwa begani, maana mke wake ameona rangi kando ya njia, na kwa rafiki zake alikuwa analalamika, “Mi sikuoa muke, nilioa kamio ya mchanga,” yaani lori zima, lakini gunia alilibeba yeye.

Sasa tufike kwenye lile neno la mtaani. Katika nchi yetu kijani kinatoka katika jiwe la shaba, na jiwe hilo linatoka shimoni, kila mmoja wenu anajua. Wachimbaji walimletea mawe hayo bure, wakamwambia twanga, Mwalimu, upate majani mazuri. Alikataa. Alisema kwamba hata kama hakuingia yeye, kuna mtoto wa mwanamke mwingine aliyeingia. Ndiyo maana miti yote aliyochora, darasani, kanisani, kwenye ukuta wa soko, ina majani ya manjano na mekundu, na wanafunzi wake walimcheka, “Mwalimu, miti yako iko mugonjwa!” akawaambia, “Haina mugonjwa, inangojea mvua.” Miaka kumi na moja alipaka kuta za mji huu. Nendeni mkazitazame moja moja, na mwenye kuona jani moja la kijani aje amwambie mama yake.

Jumanne ile marehemu alikuwa anamalizia mti kwenye ukuta wa chumba cha wazazi, katika kituo cha afya cha mtaa, manjano yakamwishia matawi matatu yakiwa bado. Stany alimpeleka kwenye barabara ya Kasaji, pale mashine zilipokata kilima kupitisha njia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Alisimama wima, juani, miguu yake juu ya barabara, gunia likiwa karibu kujaa, na ukingo ukateremka. Hakuingia shimoni. Udongo ndio uliomfuata alipo.

Stany na wapita njia walimtoa kwa mikono. Hospitalini alikaa siku mbili, mbavu na mapafu vimeumia, na Jumatano jioni alizungumza na mama yake, “Mama, sikuingia mu shimo,” mama akajibu, “Najua,” akamfuta udongo uliobaki sikioni. Marehemu alituacha Alhamisi tarehe 14 Novemba, alfajiri, akiwa na miaka thelathini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakukaa chini siku hizo mbili, waendesha pikipiki waliobeba maji na viti bila kuombwa, walimu wenzake, Tata Feruzi aliyetoa gari lake, na Mama Rachida, ambaye amepika hapa siku zote hizi na hajafanya mzaha hata mmoja.

Jana jioni bukari ilikuwa tayari, na mama wa marehemu akauliza kama kawaida. Sauti moja ilikosekana. Mamie hakuwapo. Walimtafuta barabarani, wakamkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya mabeseni, anamimina maji ya juu polepole, maana Stany alileta lile gunia nyumbani na mtoto alikuwa ameukoroga udongo wake tangu mchana. Mama Micheline alikuja na hasira ya kupindua beseni. Alichungulia. Manjano yalikuwa yametulia, laini, hayana mchanga. Akamshika mtoto mkono, akamnawisha, akamkalisha mahali pa mama yake, akauliza tena. Wakajibu, “Tuko bote,” hakuna aliyejua kama ni kweli, sufuria ikafunuliwa, wakala.

Matawi yale matatu yatamalizwa na Mamie na walimu, kwa manjano hayohayo. Mtu asilete kijani.

Mbuyu, leo mama yako anakuweka mahali alipokukataza, naye hana njia nyingine. Jioni atauliza, na wewe atakuhesabu. Pumzika, mtoto wetu, kwa amani.