Mbao za Ukumbi Sebuleni kwa Gidioni

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, Mama Elifuraha Mmari alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake hapa Kidia, Old Moshi, anang'oa misumari iliyoshikilia zulia la plastiki pembezoni mwa ukuta, kazi aliyoagizwa na mumewe kutoka kitandani hospitalini, naye alikuwa amefika nusu ya chumba, zulia limekunjwa upande mmoja kama chapati, simu ilipoita, akaambiwa na mwanawe Given kwamba baba amefariki. Hakusimama mara moja. Alimalizia msumari uliokuwa tayari kwenye koleo, akautia kwenye kopo pamoja na mingine, ndipo akatoka kwenda kuwaita majirani.

Kwa nini mke wa fundi wa sakafu alikuwa na zulia lililopigiliwa misumari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa nini alikuwa analing'oa siku hiyo, ndilo jambo ambalo historia hii haiwezi kuliruka, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe mbele yenu, na familia imekubali, ingawa si kwa moyo mwepesi.

Marehemu Gidioni Anaeli Mmari alizaliwa tarehe 12 Machi 1950 hapa hapa Kidia, kwenye kihamba hiki hiki, shamba la ukoo mlilokalia, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Anaeli Mmari na mkewe Ruthi, akabatizwa mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1965, akiwa kijana mpole, mwepesi wa hesabu na mzito wa kuomba radhi, kama dada zake walivyozoea kusema.

Mwaka 1969 alishuka mjini Moshi kujifunza useremala kwa Mzee Mussa, Majengo, katika karakana ya mabati jirani na msikiti, na huko ndiko alikokutana na Swaleh, mtoto wa Mzee Mussa, ambaye yuko hapa nasi leo, wakawa wanafunzi pamoja, kisha mafundi pamoja, kisha wazee pamoja, na katika miaka yote hiyo walitandika na kufufua sakafu za mbao katika nyumba nyingi za mjini, katika maofisi, na katika nyumba za wakubwa kwenye mashamba ya miwa, hadi ikawa mtu mwenye sakafu iliyochakaa anaambiwa tu, mtafute Gidioni wa Majengo, yeye atakwambia kama inapona au haiponi.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Elifuraha, binti wa Mzee Nderingo wa Mbokomu, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Aika aliyezaliwa mwaka 1979, na Given aliyezaliwa mwaka 1990, baada ya kungojewa sana.

Mwaka 1991, Given akiwa bado mtoto wa mgongoni, wazee wa mtaa walimwomba marehemu autazame ukumbi wetu wa mtaa, ambao sakafu yake ilikuwa ya mbao za mti mgumu wa loliondo zilizotandikwa na babu zetu, ikiwa imekuwa nyeusi, ina mifereji ya nyayo, na karibu na mlango inadunda ukiikanyaga. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, marehemu alikuwa amevaa suti na viatu vipya, watu wamemzunguka, naye kwa sababu ya suti hakupiga magoti, aliigonga sakafu kwa kisigino pale mlangoni, akasikia inaitika kama debe tupu, akasema kwa sauti, "Hii imekufa, ing'oeni, mwageni saruji." Hakuna aliyembishia, maana nani angembishia Gidioni kuhusu sakafu?

Wiki iliyofuata kina mama wa mtaa walianza kubeba mchanga kutoka mtoni kuja juu, kwa vichwa, wakiongozwa na Mama Eliona, ambaye sauti yake mnaifahamu, na marehemu akaanza kung'oa mbao kwa mtaimbo, akitokea mlangoni. Pale mlangoni, mvua ilipokuwa inaingilia, mbao zilikuwa zimeoza kweli, kisu kinazama kama kwenye parachichi. Lakini alipofika hatua chache ndani, aliinua ubao, akautazama ubavuni, akauona mwekundu, mkavu, mzima, weusi ule wote ulikuwa polishi ya zamani na uchafu, na juu ya ule ulimi unaoshikanisha ubao na mwenzake palikuwa na unene wa kidole cha mwisho. Sakafu ilihitaji mbao chache mpya mlangoni, na msasa, na nta, basi.

Marehemu alisimama na ule ubao mkononi. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa amefungua mdomo kabisa, lakini msururu wa kina mama ulikuwa unapanda kutoka bondeni, wanaimba, na Mama Eliona akamtania kwa mbali, "Fundi, mbona umeshika ubao kama Biblia? Ng'oa, mchanga umefika!" Wote wakacheka, na katika msururu ule alikuwamo mkewe mwenyewe, Given mgongoni, ndoo ya mchanga kichwani. Marehemu aliona aibu kusema amekosea mbele ya watu waliokwisha kuchoka kwa neno lake, akaushika mtaimbo, akaendelea hadi ukuta wa mwisho. Kina mama walibeba mchanga hadi saruji ilipotosha.

Mbao ziliitwa takataka, watu wakaambiwa wachukue, zikaenda kwenye mabanda ya ng'ombe na kwenye mafiga, na marehemu akachukua fungu lake akisema ni kuni. Hazikuwahi kuingia jikoni. Mwaka 1992, alipomalizia nyumba hii, alizitandika sebuleni peke yake, bila Swaleh, bila kuzipiga randa wala msasa, akafunika kwa zulia la plastiki, akapigilia misumari kuzunguka chumba chote, na tangu siku hiyo wageni wa nyumba hii wakapokelewa barazani.

Mnakumbuka, na wengine wenu mlisema. Mlisema Mama Aika anaringa, haingizi watu ndani, na yeye mwenyewe hakujua aringie nini, maana zulia lilichanika mlangoni pa jikoni, watoto wakazila zile mbao kwa miguu yao hadi zikawa na bonde, na nyumba ya fundi wa sakafu ikawa na sakafu mbaya kuliko zote kijijini. Mwaka 2008 waliokuja kumposa Aika walipokelewa chini ya turubai wakati mvua inanyesha, mshenga akala nyama yenye maji ya mvua, na Aika alilia jikoni kwa aibu. Mama Elifuraha alimwendea mumewe siku ile akamwambia, "Baba Aika, unang'arisha nyumba za watu hadi wanajiona sura chini, hapa kwako hata mkwe hakanyagi, unangoja nini?" Marehemu alimjibu neno moja, "Bado," na hilo ndilo jibu alilompa kila mwaka alipoulizwa.

Marehemu alianza kuumwa kifua mwaka 2021, akaacha kazi, akatibiwa mara kwa mara katika hospitali ya rufaa, na mwezi Agosti mwaka huu hali ilipokuwa nzito, Given alikuja kutoka Dar es Salaam na marumaru kwenye gari, akiwa na nia njema kabisa, akisema kwamba wenzake wa kazini watafika hapa siku moja, sote tunajua siku gani, na hawezi kuwakaribisha kwenye mbao za banda la mbuzi.

Marehemu aliomba kigoda, akakaa mlangoni, akamwambia Given ang'oe zulia kidogo na ubao mmoja wa kizingitini. "Usiigonge kwa kisigino kama nilivyofanya mimi," alimwambia, "utazame ubavuni. Mikwaruzo si ugonjwa, na weusi si ugonjwa. Chukua kisu, kikizama umeipoteza, kikigoma iko hai. Sasa tazama juu ya ulimi, imebaki nyama kiasi gani?" Given akasema imebaki kidogo, kama unene wa sarafu mbili. "Basi inapigwa msasa mara moja tu," marehemu akasema, "ya pili utafika kwenye misumari. Hiyo mara moja si ya kwetu, ni ya ukumbi. Ndiyo maana sikuigusa."

Hapo ndipo aliposimulia yote, kwa mara ya kwanza, mbele ya Given na mama yake. Given akasema, "Baba, tufunike tu, waliobeba ule mchanga wengi wameshakufa." Marehemu akamjibu, "Mama yako hajafa."

Mama Elifuraha, aliyekuwa amesimama na kikombe cha uji, alikiweka chini, akatoka kwenda kumkatia ng'ombe majani. Hakumgombeza mumewe, lakini kwa siku kadhaa hakuzungumza naye isipokuwa habari za uji na dawa, maana alikuwa amebeba mchanga ule na mtoto mgongoni, na mtu aliyejua hauhitajiki alikuwa anamtazama. Siku aliyomsamehe hakusema amemsamehe, alimuuliza tu anataka zulia ling'olewe lini.

Marehemu aliiambia familia kwamba mara mbili alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, kama anavyofanya mtu anayekwenda kuomba radhi, akaenda nalo hadi ukumbini kwenye kikao cha wazee, na mara zote mbili alirudi nalo limenyauka mfukoni, ameishia kutengeneza benchi lililovunjika mguu. Kwa hiyo akaomba kwamba asilolisema kwa mdomo wake lisemwe siku mtakayokusanyika, na watu wasipokelewe barazani siku hiyo, waingie ndani wakanyage. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 9 Septemba, akafariki tarehe 14, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Given amelishika jani la isale mnaloliona mkononi mwake, na baada ya maziko atalipeleka kwa wazee wa mtaa. Mzee Swaleh amezikagua mbao zote kwa kisu, ubao kwa ubao, amekubali kuzing'oa, kuzitandika ukumbini na kuzipiga msasa wake wa mwisho. Hazitoshi ukumbi mzima, zinatosha jukwaa la kwaya. Sebule ya nyumba hii itabaki na saruji, na marumaru ya Given yatarudi dukani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliomhudumia marehemu kwa miaka mitatu bila kumchoka, majirani walioleta ndizi, maziwa na kuni tangu Jumamosi, mafundi wa Majengo waliofunga karakana zao ili wawe hapa, viongozi wa mtaa waliokubali jambo hili lisomwe bila kupunguzwa, na kina mama wote waliobeba mchanga mwaka 1991, walio hai na waliotangulia, hao tunawashukuru na tunawaomba radhi, wao kabla ya wengine wote.

Jana jioni, jua likiwa bado halijazama, Mama Elifuraha alimalizia misumari iliyobaki, akamtuma Aika kumwita Mama Eliona, akamweleza mwenyewe, ana kwa ana, ili asije akasikia leo pamoja na watu. Mama Eliona alivua viatu, akatembea na fimbo yake hadi katikati ya sebule, akainama kwa shida, akazigusa zile mbao. Kisha akasema, "Gidioni, mwanangu, ungeniambia siku ile ningekucheka wiki moja, halafu tungekwenda kupika. Wiki moja tu! Wewe ukajifungia miaka thelathini kwa kukwepa wiki moja?" Akaomba kiti, akasema harudi kwake kabla hajala.

Basi machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, yakapakuliwa, mara ya kwanza kwa watu wa mtaa kula ndani ya nyumba hii, Aika akihesabu sahani na kuita majina, Mama Eliona kwenye kiti cha marehemu, Mzee Swaleh karibu na mlango, Given na mkewe, wajukuu wote watano chini kwenye mbao, majirani wamejaa hadi baraza, na Mama Elifuraha akaketi mwisho, sahani yake mapajani, akasema watu wote wapo, tule.

Pumzika, Baba Aika, ndoo zimeshatuliwa.