Kiti cha Pili cha Profesa Bang

Ndugu waombolezaji, naombeni utulivu niwasomee maisha ya shemeji yangu kama dada yangu, Bi. Ok Mal-sun, alivyoagiza yasomwe, bila kupakwa sukari.

Profesa Bang Yun-cheol alizaliwa Andong tarehe 9 Mei 1952, akasoma huko huko, akahitimu sheria Seoul mwaka 1976, na kuanzia Machi 1981 hadi alipostaafu mwaka 2017 alifundisha sheria ya miliki bunifu chuoni hapa Daejeon, hataza na alama za biashara, lakini hasa alifundisha fikra tunduizi, maana mbele ya darasa aliweka viti viwili, na mwanafunzi akishamtetea kwa uchungu mfinyanzi aliyeshtakiwa na kiwanda kwa kuiga mfuniko wa mtungi wa kuchachushia kabichi ya kimchi, Profesa humwambia, "Vizuri, sasa hamia kiti cha pili, wewe ndiwe kiwanda," na ole wake atakayekitetea kiwanda kwa ulegevu.

Alifunga ndoa na dada tarehe 14 Oktoba 1979, wakajaliwa binti mmoja, Da-hye, mwaka 1983, na hapa dada amesisitiza isemwe wazi kwamba aliwaonea wivu wanafunzi wale, tena wivu wa kuchoma roho, kwa sababu kila Ijumaa walijazana sebuleni wakila mandu za unga na nyama alizozikunja yeye, wakibishana na mumewe mpaka mishipa ya shingo inawatoka, lakini yeye akitoka jikoni na hoja yake moja tu, anajibiwa, "Sawa, Mama Da-hye," basi, yameisha.

"Sawa, sawa, kwani mimi mtoto?" alimfokea siku moja mbele yao. "Hawa unawabishia, mimi unanikubalia tu! Nibishie na mimi!"

Naye, masikini, akajibu, "Sawa."

Walicheka wote, na aliyecheka zaidi ni Wakili Noh Gyeong-ran, wakati huo mwanafunzi wake, ambaye yupo hapa, na asinitazame hivyo, nimetumwa.

Januari 2023 Profesa aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 3 Machi, alipotaka kurudishwa nyumbani kutoka hospitalini, dada alikataa, akamwaga hoja zake zote za kuendelea na dawa, akaingoja ile "sawa", wala haikuja, bali Profesa alinyooshea kidole kiti kilichokuwa upande wa pili wa kitanda, akasema, "Hoja nzuri, ila siikubali. Hamia kiti cha pili, Mama Da-hye."

Dada alihama, akakaa, akatetea kurudi nyumbani huku analia, na alitetea vizuri mno hata akajishinda mwenyewe. Profesa alifariki nyumbani, kitandani kwake, tarehe 21 Machi, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotuletea masufuria ya supu, wafanyakazi wenzake, na ninyi wanafunzi, ila dada anasema siku ile ya kiti hamkuwepo, na siku hiyo ni yake peke yake, hawagawii.

Profesa, pumzika kwa amani, na mkeo kaniomba nikuambie neno moja tu: sawa.